BETRI YA GARI: ITAZAME KABLA YA VUNO

Ndugu Wanachama,

Katika shamba la karafuu kuna vitu viwili ambavyo mwenye mali havikumbuki mpaka siku vinapomharibikia: paa la ghala na betri ya gari. Paa hukumbukwa siku ya mvua, na betri aghalabu hukumbukwa siku hiyo hiyo. Mwaka wa vuno uliopita jambo hili lilinifika mimi mwenyewe, na kwa kuwa hasara niliyoipata nilijitia kwa mkono wangu, sioni haya kuwasimulieni ili nanyi mjihadhari.

Nilikuwa na karafuu za siku tatu juani, zimeanikwa kwenye sakafu iliyo mbali kidogo na nyumba, chini ya kilima. Zilikuwa zimeanza kugeuka rangi na kuwa nyekundu, bado siku moja na nusu ya jua zikauke zivunjike kwa mkono. Alasiri mawingu yakafunga upande wa bahari. Nikamwita dereva alete lori tupakie majamvi twende tukaanue chini ya paa. Dereva akageuza ufunguo, lori likatoa sauti moja tu, "tk", likanyamaza. Akageuza tena: "tk". Tukataka kulisukuma, lakini lilikuwa limeegeshwa bondeni, mbele ni mpando na nyuma ni mgomba na mtaro. Basi ikawa ni mbio za vichwani na mabegani, wake kwa waume na watoto, na mvua ikatukuta njiani. Sehemu kubwa ya karafuu ilirowa, ikalala na unyevu wake usiku ule, na iliyobaki mnaijua: ziliiva kwa joto, zikasinyaa, zikawa mpeta. Kituoni ziliwekwa mbali na zile nzuri, nami nikarudi nyumbani kimya.

Kila mkulima anajua kuwa yataka kilo tatu hivi za karafuu mbichi kupata kilo moja kavu. Kazi yote ile ya kupanda mtini, kuchuma, kuchambua na kuanika ilishindwa na kisanduku kimoja kinachokaa chini ya boneti.

Nilipomwita fundi aje alitazame lori, alikuta makosa matatu, na yote matatu yalikuwa yangu. La kwanza, vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe wenye ukijani. La pili, maji ndani yalikuwa yamepungua hata mabamba yakaonekana yako wazi. La tatu, usiku uliotangulia walinzi wa karafuu walivuta waya kutoka kwenye betri wakawasha taa mpaka alfajiri, kwa idhini yangu. Makala haya nayaandika juu ya makosa hayo matatu, na la nne nililolifanya siku ya pili yake, nilipokwenda mjini kununua betri mpya kwa haraka.

BETRI NI KITU GANI

Betri ya risasi si kitu kipya. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyeitengeneza ya kwanza katika mwaka 1859. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha mtaimbo mbele ya injini, kazi iliyovunja mikono ya watu wengi, mpaka mwaka 1912 Cadillac za Marekani zilipotiwa stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Tangu siku hizo betri na stata wamekuwa kama mke na mume. Mmoja akiugua, nyumba haiendi.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ndani ya kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, asidi huingia katika mabamba na maji yaliyobaki huwa mepesi. Inapotiwa chaji, asidi hutoka katika mabamba na kurudi katika maji. Mradi mwendo huo wa kutoka na kurudi unakamilika, betri huishi. Lakini ikiachwa siku nyingi bila chaji, ile salfa iliyoingia katika mabamba hugeuka chembe ngumu kama ukoko wa chungu, wala haitoki tena kwa urahisi. Ndiyo maana betri iliyokaa tupu mwezi mzima, ukiichaji, hujaa upesi na kuisha upesi: nafasi yake imekwisha kuliwa na ukoko.

Watu wa nchi za baridi huona betri zao zikishindwa wakati wa theluji. Sisi adui wetu ni joto. Mafundi wa elimu hii wanakadiria kuwa joto linapozidi kwa digrii 10 hivi, kuchakaa kwa betri hukaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo betri ambayo huko Ulaya hudumu miaka mitano au zaidi, huku kwetu ikitimiza mitatu imshukuriwe Mungu. Gari likiwa halina kazi, liegeshwe kivulini, chini ya mwembe au bandani.

KOSA LA KWANZA: UCHAFU WA VICHWA

Stata ya lori la dizeli hutaka mamia ya ampea kwa nukta chache. Umeme wote huo unapita mahali pawili padogo, pale kibano cha waya kinapokishika kichwa cha betri. Pakiwa na unga au kibano kikilegea, umeme hukwama hapo, na betri nzima huonekana kama imekufa. Kisiwani petu hewa ya chumvi huharakisha jambo hili, na khasa kwa gari linalopanda meli au kupita kandokando ya pwani.

Dawa yake ni nyepesi. Zima injini na taa zote. Fungua kwanza waya wa hasi, ule wenye alama ya (–), kisha ndio ufungue wa chanya, wenye (+). Sababu yake ni hii: waya wa hasi umeshikana na chuma chote cha gari. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, cheche kubwa hutoka, na spana yaweza kushika moto mkononi mwako. Ukishafungua, changanya magadi kidogo na maji ya vuguvugu, mwagia vichwa na vibano mpaka povu likatike, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha kwa kitambaa. Vifuniko vya vyumba viwe vimefungwa barabara, magadi yasiingie ndani, kwani yakiingia yataua asidi. Funga chanya kwanza na hasi mwisho. Kaza mpaka kibano kisizunguke kwa mkono, kisha paka grisi nyembamba au vaselini juu yake. Kazi yote haizidi nusu saa, na mara moja kila miezi mitatu inatosha.

Papo hapo tazama na kile chuma kinachoibana betri katika kitako chake. Njia zetu za mashambani zina mashimo na mizizi. Betri inayorukaruka hupasuka mabamba, na haifiki umri wake.

KOSA LA PILI: MAJI

Betri yenye vifuniko vya kufungua hutaka kutazamwa maji kila mwezi, na wakati wa vuno kila wiki mbili, maana gari huzunguka mchana kutwa katika joto. Maji yafunike mabamba na kuzidi juu yake kiasi cha sentimita moja, au yafikie alama iliyochorwa ubavuni. Ukikuta mabamba wazi, yafunike kidogo tu, chaji kwanza, kisha ndipo ujaze hadi alama. Ukijaza kabla ya kuchaji, maji hupanda na kumwagika pamoja na asidi.

Maji yenyewe ni yale yaliyosafishwa kwa mvuke, yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Nawaomba sana msitie maji ya kisima. Visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa, na mengine yana chumvi ya bahari. Vitu hivyo havikauki pamoja na maji. Hubaki ndani na kuharibu mabamba kidogo kidogo. Maji ya mvua yaliyotiririka juu ya bati nayo yana kutu na vumbi. Chupa moja ya maji ya betri ni rahisi kuliko betri.

Na jambo lingine: usiongeze asidi. Wako watu wanaodhani betri ikichoka imepungukiwa asidi. Si hivyo. Kinachokauka kwa joto na kwa chaji ni maji peke yake. Asidi haipungui ila ikimwagika. Ukiongeza asidi, gari laweza kuwaka kwa siku chache, lakini mabamba huliwa upesi zaidi.

Betri nyingi za siku hizi zimefungwa, hazina vifuniko. Hizo hazitaki maji, bali usafi wa vichwa na chaji kamili zinataka kama zile nyingine.

KOSA LA TATU: TAA YA WALINZI

Hapa ndipo wengi wetu tunapojiumiza. Hebu tufanye hesabu. Taa ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 5. Walinzi wangu waliiwasha tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, yaani saa tisa. Tano mara tisa ni 45. Betri yangu iliandikwa ampea-saa 70 ilipokuwa mpya, na ilikuwa na umri wa miaka miwili na zaidi. Kilichobaki asubuhi kilikuwa ni makapi.

Betri ya gari haikuumbwa kwa kazi hiyo. Mabamba yake ni membamba na mengi, ili itoe nguvu kubwa kwa muda mdogo, kisha ijazwe mara moja na injini. Ukiinyonya mpaka chini, hata mara chache tu, huiharibu. Kwa taa za kambi ya wachumaji na walinzi, tumieni taa ndogo za jua, au betri iliyotengenezwa kwa ajili ya taa za jua, yenye mabamba mazito. Gari liachiwe betri yake.

Na gari lisilotembea nalo hupoteza umeme, kwa saa, redio na vifaa vingine vinavyokunywa kidogo kidogo. Likikaa wiki mbili, lipeleke safari ya nusu saa au zaidi. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakufai kitu. Huenda ukatoa umeme mwingi kuliko uliourudisha. Likikaa msimu mzima, fungua waya wa hasi, na betri uichaji kila mwezi.

KUJUA MGONJWA NI NANI

Kabla ya kusema "betri imekufa", fanya mtihani huu. Washa taa kubwa za mbele, kisha mwambie mtu ageuze ufunguo wewe ukizitazama. Taa zikififia au kuzimika, betri haina nguvu au vichwa ni vichafu. Taa zikibaki kali na injini haizunguki, tatizo liko katika stata au waya zake, na ukinunua betri utakuwa umetupa fedha.

Mwanachama mwenye mita ya umeme atajua zaidi. Pima asubuhi, kabla gari halijawashwa:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: robo imepungua.
Volti 12.2: imebaki nusu.
Volti 12.0: imebaki robo, ichaji leo, usingoje kesho.

Kisha washa injini upime tena. Mita isome baina ya volti 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya 13, betri hailishwi; tazama mkanda wa altaneta kama umelegea au umekatika, halafu mwite fundi. Ikizidi 15, inachajiwa kupita kiasi, na maji yatakauka kila siku. Kwa hali zote mbili, betri mpya nayo itakufa kama ile ya kwanza.

Lori la volti 24 hutumia betri mbili zilizofuatana. Pima kila moja peke yake. Mwenye haidromita apime vyumba vyote sita. Betri nyingi zikijaa husoma karibu na 1.265, ingawa zilizotengenezwa kwa nchi za joto huwa chini kidogo. Fuata karatasi yake. Linalotazamwa zaidi ni kulingana: chumba kimoja kikipungua kuliko vingine kwa 0.050 hata baada ya chaji kamili, chumba hicho kimekwisha, na betri imekwisha pamoja nacho.

Hapa nataka kuwaonya juu ya desturi moja ya zamani. Zamani za dainamo, mafundi walikuwa wakichomoa waya wa betri injini ikiwaka, wakisema gari lisipozimika basi dainamo ni nzima. Msifanye hivyo katika magari ya sasa. Altaneta ikiachwa ghafula bila betri, umeme huruka juu na kuunguza altaneta yenyewe pamoja na vifaa vya kompyuta ya gari.

KUAZIMA UMEME

Siku ya dhiki, gari la jirani laweza kuliwasha lako, mradi yote mawili ni ya volti sawa. Magari yasigusane. Waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi: hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho uibane katika chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Liache la jirani liungurume dakika chache, kisha jaribu lako. Kufungua ni kinyume: anza na ile ncha ya mwisho.

Sababu ya kuepuka betri mwishoni ni hewa ya haidrojeni inayotoka ndani yake inapochajiwa. Hewa hiyo hulipuka kwa cheche ndogo. Basi sigara, kibiriti na koroboi viwe mbali. Asidi ikiingia jichoni, mwagia maji safi mengi bila kukoma kwa muda wa dakika 20, kisha nenda hospitali, hata kama maumivu yamepoa.

KOSA LA NNE: KUNUNUA KWA PUPA

Siku ya pili yake nilifika mjini nikiwa na hasira, na mwenye haraka hasikii. Katika duka moja nilionyeshwa betri yenye rangi nzuri na bei ya kupendeza, nikaikamata. Miezi minne baadaye ilikuwa imekwisha. Fundi akaisoma alama yake, akaniambia ilikaa katika sanduku zaidi ya miaka miwili kabla sijaijua. Betri iliyotiwa maji hujinyonya yenyewe dukani, na katika joto letu hujinyonya upesi, nilinunua ukoko. Tangu hapo nanunua kwa mpango huu, nanyi mkipenda ufuateni.

1. Nenda na betri yako ya zamani, au uandike urefu, upana na kimo chake, na chanya iko upande gani. Ikiwa vichwa viko kinyume, waya hazitafika, au zitafungwa vibaya. Na waya zikigeuzwa, altaneta huungua papo hapo.

2. Ampea-saa na nguvu ya kuwasha zisiwe chini ya zile zilizoandikwa na mtengenezaji wa gari. Injini ya dizeli hutaka zaidi kuliko ya petroli.

3. Mwambie muuzaji akusomee tarehe ya kutengenezwa, na aiandike katika stakabadhi. Akikataa, duka si moja.

4. Ipimwe mbele yako. Chini ya volti 12.4 usiichukue. Ikiwa ni betri kavu inayotiwa asidi siku ya kuuzwa, itulie nusu saa, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa garini.

5. Lori la betri mbili, badilisha zote mbili pamoja. Nzee ikifungwa na kijana, humchosha kijana.

6. Siku ya kuifunga, andika tarehe kwa rangi juu yake na katika daftari la shamba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Betri ya zamani usiitupe shimoni, wala usiwaachie watoto, wala asiwepo mtu wa kuyeyusha risasi yake uani kwa ajili ya kutengeneza vizito vya nyavu. Moshi wa risasi na vumbi lake ni sumu, na huwadhuru watoto katika akili zao. Risasi ya betri yaweza kutumika tena karibu yote, kwa hiyo irudishe kwa muuzaji au kwa wanaokusanya. Wengi hupunguza bei ya ile mpya.

MWISHO

Sasa, kabla matita hayajakomaa, ndio wakati wake. Chagua asubuhi moja. Safisha vichwa, tazama maji, pima, kaza. Betri iliyotimiza miaka mitatu iangalie kwa jicho la wasiwasi, na ikionyesha unyonge ibadilishe ukiwa na nafasi ya kuchagua, usingoje siku ya mawingu.

Mimi lori langu sasa naliegesha juu ya kilima, uso ukitazama mteremko. Betri ni nzima na tarehe yake naijua, lakini mvua nayo sina mkataba nayo.

Wassalaam,
Mwanachama mwenzenu